Kupatana bei ya mashua ya tanga: kagua kwanza, bei baadaye

Anayetaka kununua mashua ya tanga akinipigia simu, swali la kwanza huwa lile lile: "Fundi, nimwambie shilingi ngapi?" Simjibu mpaka mashua ipinduliwe niione tumbo. Ukishajua ubovu wake na gharama ya kuutengeneza, bei umeipata. Kinachobaki ni kuisema kwa adabu.

Mimi nakarabati vyombo hapa Ggaba, Kampala, kando ya Ziwa Victoria. Mfano wangu ni Laser ya mkono wa pili, mashua ya faiba ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4.23, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana dunia nzima. Ya mbao nitaigusa pia.

Hatua ya 1: Nenda asubuhi, na usitaje namba

Asubuhi ziwa huwa limetulia, na upepo wa kutoka ziwani huja mchana. Kwa hiyo unakagua kabla ya saa sita, kisha unaijaribu majini upepo ukishaamka. Salimia vizuri, kaa, uliza habari za nyumbani. Akikuuliza "Unatoa ngapi?" mwambie, "Ssebo (yaani bwana), niruhusu kwanza niione." Muulize mara ya mwisho iliingia majini lini, na tanga lilikuwa likiwekwa wapi. Kama kuna dalali, jua mapema kamisheni yake inalipwa na nani.

Hatua ya 2: Kagua kwa mikono

Hapa ndipo pesa yako ilipo, usiharakishe.

Anza na tundu la mlingoti. Lijaze maji mpaka ukingoni, weka alama ya kalamu, subiri dakika kumi. Maji yakishuka, tundu limepasuka ndani na yanavujia kwenye bodi, yaani mwili wa mashua. Jambo hili nililijua kwa hasara. Laser yangu ya kwanza niliinunua kwa kuitazama rangi tu, ikiwa imeoshwa inang'aa. Wiki ya tatu, karibu na kisiwa cha Bulingugwe, upepo ulivuma kwa nguvu, nikasikia mlio kama ubao unaochanwa. Mlingoti ulilala majini pamoja na tanga, na sitaha, yaani sakafu ya juu, ikachanika kutoka kwenye tundu kwenda omo, upande wa mbele. Kuitengeneza kulinigharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia. Maji ya kikombe kimoja yangeniambia yote hayo siku ile ya kwanza.

Kisha ipime uzito. Bodi tupu la Laser ni kilo 59. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa samaki, uipime omo na tezi (nyuma) kwa zamu, ujumlishe. Ikizidi kwa kilo nyingi, kuna maji yaliyonywewa na povu la ndani, na hayo hayatoki kwa kuanikwa siku mbili. Bonyeza sitaha yote kwa kidole gumba: panapobonyea, faiba imeachana na povu.

Tanga: lishike kwenye mwanga. Jua la ikweta huumaliza uzi kabla ya kitambaa, kwa hiyo kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, tanga hilo limekwisha hata kama bado ni jeupe.

Ya mbao ina siri nyingine. Pwani tunaogopa wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Hapa ziwani hawapo, lakini hakuna chumvi ya kuzuia uozo, na adui mkubwa ni maji ya mvua yanayotuama ndani. Choma kwa ncha ya kisu kwenye mataruma, zile mbavu za ndani, na pale mbao zinapokutana na mkuku, uti wa chini wa mashua. Mvule mzima hukikataa kisu.

Hatua ya 3: Andika hesabu

Hesabu iandike kwenye karatasi, kichwani hutaitetea. Tuseme anadai milioni 8, nawe umeulizia ukajua mashua kama hiyo ikiwa nzima huuzwa milioni 7.5. Tundu la mlingoti, 600,000. Tanga jipya la kuagizwa nje, pamoja na usafiri na kodi ya VAT ya asilimia 18, 1,900,000. Kamba na kapi (roda) za kuzipitishia, 300,000. Jumla ni 2,800,000, kwa hiyo thamani yake leo ni 4,700,000. Namba hizi ni za mfano. Zako zipate kwa kumpigia fundi na muuza matanga kabla hujaanza kupatana.

Hatua ya 4: Zungumza

Mpe karatasi aisome mwenyewe. Anza chini kidogo ya hesabu yako, 4,300,000 hivi, kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu, lakini ukiongea utajipandishia bei mwenyewe.

Usiitukane mashua yake. Huenda aliwafundishia wanawe juu yake. Sema, "Mzee, chombo ni kizuri, ila hili tundu lazima nilitengeneze ndipo niingie nacho ziwani." Akikataa kushuka, omba vitu: kitoroli cha kuvutia, tanga la akiba, usukani wa ziada. Wengi hukataa kupunguza pesa lakini hutoa vitu kwa moyo. Akibaki kwenye milioni 6, mshukuru, mwachie namba yako, ondoka. Biashara haigombi. Mimi nimepigiwa simu hata baada ya miezi miwili.

Hatua ya 5: Karatasi kabla ya pesa

Andikeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kule anakoishi muuzaji, naye agonge muhuri. Namba iliyochongwa kwenye bodi iandikwe, na ya injini kama ipo, na kila kitu mlichokubaliana kuanzia mlingoti hadi kizibo cha kutolea maji. Hicho kizibo kione kwa macho na ukitie mfukoni mwako kabla hujahesabu noti ya kwanza.