Somo: Jiwe jeusi, gauni jeupe, na kupima mwanga kwa nukta

Sisi wa Goma tunaishi juu ya jiwe jeusi. Kuta ni lava, uzio ni lava, na maharusi tunawasimamisha mbele ya lava hiyo hiyo. Kipima mwanga cha mpiga picha hakijui rangi ya jiwe. Chochote unachokilengea, kinakupa kipimo cha kukifanya kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga. Pima lava upige hivyo hivyo, utapata jiwe la majivu. Pima gauni, basi gauni ndilo linakuwa majivu na suti inageuka shimo. Hilo la pili nililifanya mimi kwenye harusi ya binamu yangu, filamu mbili nzima. Mama mkubwa bado ananiuliza bwana harusi alikuwa wapi siku ile.

1. Weka ISO ya filamu, yaani namba ya wepesi wake kwa mwanga, kwenye kipima. Hapa ni negativu ya nyeusi na nyeupe, ISO 400.

2. Tafuta kivuli chenye kitu unachotaka kionekane. Usichague shimo lenye giza kabisa. Chagua mahali ambapo bado unataka kuhesabu vitundu vya jiwe. Kipima cha nukta, kinachosoma eneo dogo tu la digrii 1, ukisimama mita 10, kinaona duara la sentimita 17 hivi. Mkono ukitikisika kidogo tu, umeshapima mbingu.

3. Soma. Juzi huko Himbi, mtaa wa hapa Goma, ukuta upande wa kivuli ulinipa 1/125 ya sekunde kwa f/4 (f ni tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linabana).

4. Funga hatua mbili, kila hatua ikipunguza mwanga nusu: f/8. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu moyo unasema penye giza tufungue. Hapana. Kipima kimeshafungua kupita kiasi ili jiwe liwe kijivu, na wewe unalirudishia weusi wake.

5. Sasa pima gauni. Gauni la siku hiyo lilinipa f/22, yaani hatua 3 juu ya f/8. Negativu inabeba. Tofauti ikifika hatua 4 au 5, punguza muda wa filamu kwenye dawa ya kusafishia. Ansel Adams na Fred Archer walipanga njia hii karibu na mwaka 1940: kivuli unakiamua wakati wa kupiga, weupe unauamua kwenye dawa.

Maswali ya wanachama

*Yaya, mimi nina kamera ya Nikon FM2, haina kipima cha nukta. Niache?*

Usiache, mdogo wangu. Inapima picha nzima lakini inategemea zaidi duara la katikati. Sogea mpaka jiwe lijaze kioo chote, soma, funga hatua mbili, kisha rudi mahali pako. Angalia tu kivuli chako kisiangukie jiwe.

*Na filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenyewe bila negativu?*

Geuza kazi yote. Weupe wa slaidi ukiungua haurudi, kwa hiyo anzia kwenye gauni: f/22, fungua hatua mbili, piga f/11. Lava itaanguka hatua 3 chini, nyeusi tii. Kubali.

*Mzee, kitabu changu kinasema pima uso halafu fungua hatua moja.*

Huo ni uso wa mzungu. Nyuso zetu nyingi ziko chini ya kijivu. Mimi nafunga hatua moja, mtu akiwa mweusi zaidi, nafunga moja na nusu. Ukiwa na shaka pima kiganja, maana viganja vya watu havitofautiani sana. Hicho ndicho unachokifungulia hatua moja, mradi kiwe kwenye mwanga ule ule wa uso.

*Wekundu wa volkano yetu Nyiragongo usiku je?*

Siku unapoonekana, pima wingu lenyewe lenye wekundu, achana na giza linalolizunguka, kisha fungua hatua moja. Ila filamu huchoka gizani: kwa filamu ya Tri-X, kipima kikisema sekunde 10, watengenezaji wake Kodak walishauri 50. Beba miguu mitatu ya kamera iliyo imara. Moshi nao hautakungoja sekunde zote hizo, utatoka kama pamba.