Mpe deni kwanza, ushujaa baadaye

Ukiandika hadithi ya Bagamoyo ya miaka ya 1880, usimkurupushe mhusika wako wa kike kupigana na Mjerumani ukurasa wa kwanza. Vita vya Abushiri vya 1888 vitamkuta tu. Mpe kwanza haja inayoshikika: anadaiwa doti mbili za kaniki, na mdai hupita kila asubuhi akijifanya anasalimia. Hapo akijitwika chungu na mkeka kufuatana na wapagazi hadi Tabora, msomaji haulizi kwa nini. Wanawake walikuwamo kweli misafarani, wakibeba vyombo na kupika kambini, ila wasimulizi wengi walijali zaidi pembe za ndovu. Na jamani, si lazima awe mrembo.