Kabla ya Kulipia Kifaa cha Umeme Kariakoo, Uliza Kwanza Kinarudishwaje

Nyuma ya kaunta nyingi za Kariakoo kuna karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoiona tena, hadi siku nilipomnunulia mama runinga ya inchi 43. Siku ya nne ulitokea mstari mweusi, mwembamba kama uzi, uliokatiza kioo kutoka juu hadi chini. Nilipoirudisha dukani, kijana wa kaunta aliichukua risiti yangu, akaigeuza, akanionyesha muhuri hafifu wa bluu: "Kioo hakina waranti." Muhuri huo ulikuwepo tangu nilipolipa, sikuwa nimegeuza karatasi.

Tangu hapo nayahesabu masharti ya kurudisha mali kuwa sehemu ya bei. Duka linalouza kwa bei ya juu kidogo lakini likakubali kukubadilishia kifaa kibovu ndani ya wiki linaweza kuwa nafuu kuliko la jirani linalokupunguzia elfu thelathini na kukuacha hapo hapo.

Jambo la kwanza ni kutenganisha ahadi tatu ambazo wauzaji huzichanganya katika neno moja la "waranti": kurudishiwa fedha, kubadilishiwa kifaa, na kutengenezewa. Ukiambiwa "waranti mwaka mmoja," mara nyingi maana yake ni matengenezo tu, kwa hiyo uliza atakayetengeneza ni fundi wa duka au kituo cha kampuni iliyounda kifaa, kituo hicho kiko wapi, na vipuri analipia nani. Uliza pia siku za kubadilishiwa ni ngapi na zinahesabiwa tangu lini, kwa kuwa aliyenunua Jumamosi na kuletewa mzigo Jumatatu amekwisha kupoteza siku mbili. Kisha taja sehemu moja moja: kioo, betri, chaja, rimoti. Hizo ndizo ambazo mara nyingi huachwa nje ya waranti, na ndizo zinazoharibika mapema.

Umeme unahitaji swali lake peke yake. Katika mitaa ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, jibu rahisi kwa kila kifaa kilichozima ghafla ni kwamba "kimeunguzwa na umeme." Muulize muuzaji, kabla hujalipa, kama hitilafu hiyo inaingia kwenye waranti, na kama anataka kifaa kitumike na stabilaiza. Akisema anataka, inunue na uitunzie risiti yake pia.

Angalia vilevile ni nani anayekujibu. Winga aliyekupokea barabarani na kukupeleka hadi ndani ya duka anaweza kukuahidi lolote, lakini kesho hutampata, na mwenye duka atasema hamjui. Ahadi ipokee kutoka kwa mwenye duka au msimamizi wake, iandikwe kwenye risiti kwa kalamu na kugongwa muhuri: "Kubadilishiwa ndani ya siku saba, kioo kikiwemo." Anayekataa kuandika alichokwisha kukisema kwa mdomo amekujibu tayari, nawe waweza kuondoka bila kinyongo.

Risiti iwe ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Hakikisha jina la duka, tarehe na kiasi ni sahihi, na kama umelipa kwa lipa namba, linganisha jina lililotokea kwenye simu na lile la kwenye risiti. Omba namba ya pekee iliyobandikwa mgongoni mwa kifaa iandikwe pia. Jioni hiyo hiyo ipige picha risiti, pande zote mbili, kwa sababu karatasi ile hufifia, na waranti ya mwaka haina faida ukiwa umeshika karatasi nyeupe.

Kifaa kijaribiwe dukani, hata foleni ikiwa ndefu. Runinga iwekewe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, ili mstari au doa lionekane; chomeka flashi katika kila tundu; sikiliza spika. Simu ibonyezwe *#06#, namba ya tarakimu 15 itakayotokea ilinganishwe na ya kwenye boksi, kisha itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kuthibitisha kuwa si bandia. Kujaribu huku kuna uzito wa kisheria pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa hudhani kwamba mali iliyouzwa na mfanyabiashara wa mali za aina hiyo ina ubora unaostahili kuuzika, lakini mnunuzi aliyeikagua hapati kinga hiyo kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzibaini. Anayekaa na mali kwa muda mrefu bila kulalamika naye huhesabiwa kuwa ameikubali.

Boksi na maboya yake, yaani povu gumu linalokinga kifaa ndani, yahifadhiwe hadi siku za kubadilishiwa ziishe. Kama mzigo unapelekwa Mbagala au Tegeta kwa kirikuu, kubaliana na duka kabla gari halijaondoka kuhusu nani atabeba hasara kifaa kikivunjika njiani.

Kasoro ikijitokeza, ipige video papo hapo, usimwite fundi wa mtaani afungue, na urudi dukani siku hiyo au kesho yake asubuhi ukiwa na boksi na risiti. Wakikipokea kifaa, dai maandishi yenye tarehe, namba yake na kasoro uliyoilalamikia. Wakikukatalia kinyume cha walichoandika, maandishi hayo ndiyo utakayoambatanisha na malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.