Kope zinazolegea jioni: kupima miastenia gravisi
Mgonjwa akifika zahanati hapa Moshi na kope zinazolegea kila jioni ilhali asubuhi yuko sawa, fikiria miastenia gravisi, ugonjwa unaofanya misuli ichoke na kulegea upesi. Mwambie atazame juu sekunde 60. Kope zikishuka, funga barafu ya kasha la chanjo kwa kitambaa, iweke juu ya jicho lililofumbwa dakika 2, kisha pima kwa rula papo hapo, kwa sababu nafuu hupotea upesi. Kope kupanda milimita 2 ni dalili nzito ya ugonjwa huu.

Kinachoua ni kushindwa kupumua. Mwambie ahesabu kwa pumzi moja: asipofika 20, au akipaliwa na maji, mpeleke hospitali ya rufaa ya KCMC leo hii, akiwa ameketi wima. Tafadhali usimpe gentamaisini, siprofloksasini, kwinini wala sindano ya magnesiamu. Huzidi kulegeza misuli.