Somo: Kupaka kanzu nyeupe kwenye sanamu ya milimita 54

Wengi hukwama kwenye kanzu. Joho jeusi linakubali, jambia linang'aa, halafu kanzu inaonekana imemwagiwa chokaa. Kosa ni kuanza na nyeupe. Ukianza na nyeupe huna tena pa kupanda, yaani huna rangi hafifu zaidi ya kuongezea mwanga. Itakubidi uchore mikunjo kwa kijivu juu yake, na hicho kijivu kitasomeka kama uchafu. Nyeupe kamili ije mwisho, na iwe kidogo sana.

Sanamu yetu ni mfanyabiashara wa Unguja wa karne ya 19: kanzu, joho, jambia, kilemba. Rangi ni akriliki za maji.

1. Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, iwe kijivu hafifu. Nyeusi itakudai mikono (mipako) mingi ya rangi juu yake, na nyeupe inaficha mikunjo hadi huoni unachopaka.

2. Maliza uso na mikono kwanza. Tone la nyeupe likidondokea ngozi unalifuta kwa mpako mmoja, ila hudhurungi ikidondokea kanzu utarudia sehemu nzima.

3. Amua weupe wako ni wa joto au wa baridi. Kanzu iliyofuliwa kwa buluu ina vivuli vya kijivu chenye usamawati. Ile ya merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja kwa wingi na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ina vivuli vya rangi ya mchanga. Usichanganye mbili hizo kwenye vazi moja. Lakini kilemba cha weupe wa baridi juu ya kanzu ya weupe wa joto kinapendeza mno, kwa sababu jicho linatenganisha vitambaa viwili bila wewe kuchora mstari wowote. Mimi hapa nimechagua kanzu ya merikani.

4. Mkono wa msingi: Deck Tan, rangi ya mchanga hafifu wa kijivu ya kampuni ya Vallejo, ilegezwe kwa maji, upake mara mbili. Kuijaribu, pitisha brashi kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukiona ukucha kwa mbali chini ya rangi, iko sawa.

5. Vivuli. Ongeza hudhurungi kidogo kwenye Deck Tan, uiweke ndani ya mikunjo, kwapani, chini ya ukingo wa joho na pale mshipi unapokaza kitambaa. Tafadhali usimwagie sanamu nzima rangi ya majimaji. Ikikauka inaacha duara duara, na kwenye nguo nyeupe haziondoki kirahisi. Chovya brashi namba 1, iguse kwenye tishu, kisha vuta kuelekea ndani ya mkunjo. Rangi nyingi hubaki pale brashi inapoinuliwa, kwa hiyo inulia pale unapotaka giza.

6. Sasa panda. Ongeza Ivory (nyeupe ya pembe) kidogo kidogo, kila mkono ukichukua eneo dogo kuliko uliotangulia, na safari hii unavuta kuelekea mgongo wa mkunjo. Nyeupe kamili iguse begani, kwenye goti linalosukuma kitambaa na kwenye ukingo wa mkono wa kanzu. Basi.

7. Darizi ya shingoni, halafu vanishi isiyong'aa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nyeupe yangu inakauka ikiwa na chengachenga. Nimenunua chupa mbovu?

Huenda chupa haina shida. Tikisa sana kwanza. Kisha zima feni, maana inakausha rangi ikiwa bado kwenye brashi. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, tandika tishu zilizolowa, weka karatasi ya kuokea juu yake, changanyia rangi hapo. Na ukipaka sehemu, iache ikauke kabisa kabla ya kuirudia.

Niko Mombasa. Nimepuliza vanishi ya kopo, kanzu imeshika ukungu. Nifute yote?

Usifute kwanza, ndugu yangu. Huo ni unyevu wa hewa. Paka vanishi inayong'aa kwa brashi, mkono mwembamba. Mara nyingi ukungu unapotea. Ikikauka, ua mng'ao kwa vanishi isiyong'aa, nayo kwa brashi. Pwani mimi sipulizi kabisa masika.

Je, njia hii inafaa kwa kikosi kizima? Nina askari wa Austria wa mwaka 1809, wa milimita 28, makoti yote meupe.

Inafaa, ila utazeeka nao. Kwa kikosi, paka kijivu hafifu, acha kijivu hicho kwenye mikunjo na chini ya mikanda, sehemu zilizobaki ziwe nyeupe iliyovunjwa kidogo, yaani isiyo kamili. Rangi mbili tu. Kola na mikono ya koti, zenye rangi ya rejimenti, zije mwisho. Na kabla hujapaka suruali, hakikisha rejimenti yako: za Kijerumani zilivaa nyeupe, za Kihungaria zilivaa za buluu zinazobana.