Mtafiti wa chuo akikuomba ngazi tatu za shamba

Kwetu Mgeta, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, gari la chuo unalijua kabla hujaliona. Barabara ya kutoka Mlali inapanda kwa kona, dereva asiyeizoea anabadilisha gia kila mara, na sisi tulioinama kwenye maharage tunaambiana, "Hao wa SUA wanakuja," yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wakishuka huwa watatu: mwalimu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye buti mpya, na bwana shamba wa kata aliyewaleta. Watasalimia vizuri, watakaa kwenye benchi, watasifu kabichi. Kisha watasema shida yao: kishamba kidogo tu, msimu mmoja, cha kujaribia mbegu.

Nimeshawapa mara tano. Mara mbili nilifaidika sana, mara mbili hivi hivi, na mara moja nilibaki na hasira na vibao vyenye namba walivyochomeka shambani. Haya ninamwandikia mkulima anayeombwa kwa mara ya kwanza, hasa mwanamke mwenye ngazi chache mlimani kama mimi, yaani vishamba vilivyokatwa kama vidato kwenye mteremko, anayeona haya kuuliza kwa kuwa aliyekaa mbele yake ni dokta.

Ujue kwanza kwa nini wamepanda mlima

Chuo kina mashamba yake pale Morogoro, chini ya milima hii hii ya Uluguru. Lakini Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na huku Nyandira tumevuka 1,500. Maharage yaliyochangamka kule chini huku yanaweza kuliwa na magonjwa ya kutu na chule mpaka ukabaki na vijiti. Kwa hiyo hawakuja kukupa msaada. Wamekuja kutafuta baridi, ukungu na mteremko ambavyo wao hawana na wewe unavyo. Ukilijua hilo utaongea nao umenyoosha mgongo.

Bibi yangu alikuwa na habari nyingine ya wataalamu. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuzuia mmomonyoko Uluguru, watu wakalazimishwa kuchimba matuta mapana. Sisi wa Mgeta tulikuwa na ngazi zetu tayari, na mboga zilitulipa, hivyo wengi walivumilia. Upande wa Matombo udongo ulikuwa mwingine, matuta yakatoa udongo mbichi wa chini usioota kitu. Mwaka 1955 watu walikataa, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukafa. Bibi alikuwa akisema wale mabwana walijua mambo ya udongo, tatizo hawakumwuliza aliyekuwa akiulima.

Utafiti wa kilimo wa nchi hii ulianza hivyo, mbali na mkulima. Wajerumani walifungua kituo cha Amani, Usambara ya mashariki, mwaka 1902, wakijaribu miti na mazao ya mashamba makubwa. Chini ya Mwingereza pale pale ndipo walipouchambua ugonjwa wa michirizi kahawia ya muhogo, kazi ambayo mpaka leo inatumika, ila mwenye muhogo wake alikaa nje ya uzio. Aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere, Uganda. Morogoro kilianza chuo cha kilimo cha stashahada mwaka 1965, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi wa nne mwaka ule ule, mkoani humu humu. Kilipokaa jirani ndipo na magari yalipoanza kupanda. Mbuzi wa maziwa wa Kinorwe unaowaona Mgeta waliingia miaka ya 1980 kwa njia hiyo. Kwa maharage kuna SUA 90, Rojo, Mshindi na Pesa, zote mbegu za chuo hicho.

Siku ya benchi

Usijibu siku hiyo hiyo. Chemsha chai, sikiliza, sema utawapa jibu. Omba kuona barua ya utambulisho. Inapita halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, na kama mtendaji hana habari nao, warudi kwanza kwake. Hii si kuwadharau, wenyewe wanajua.

Kisha uliza, tena kwa Kiswahili, wasikufunike na maneno: Mnataka kujua nini hasa? Mbegu, mbolea na dawa ni za nani? Nani atapalilia, na akipalilia atalipwa shilingi ngapi kwa siku? Mavuno ya nani? Mbegu ikikataa, mimi nitakula nini pale? Matokeo mtaniletea lini?

Swali la mavuno ndilo linalogombanisha watu. Kawaida wao wanachukua sampuli ya kupima, kinachobaki ni chako. Lakini "kawaida" si karatasi. Watakusomea fomu ya ridhaa usaini; waambie waandike na hayo mliyokubaliana, nakala moja ibaki kwako. Mimi yangu naiweka pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho, mahali ambapo hakuna anayethubutu kupekua.

Na kwetu Waluguru kuna moja zaidi. Ardhi inakwenda kwa upande wa mama, ni ya ukoo. Kabla hujatoa hata ngazi moja, mjomba ajue. Nilishaona vibao vikiishi wiki mbili, wakaja wenye ukoo wakang'oa, wakidhani shamba limepimwa liuzwe.

Mahali pa kuwapa

Kishawishi ni kuwapa pale pabaya, penye mawe, pasipokulipa. Usifanye hivyo, utajidanganya mwenyewe: mbegu zote zitashindwa na hutajua ipi ilikuwa nzuri. Wala usiwape bustani yako bora. Wape pa wastani, panapofanana kutoka kichwani mpaka miguuni. Epuka palipokuwa na zizi, palipochomwa takataka, na kivuli cha miti ya plamu.

Mlimani kufanana ni kazi, na hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonifurahisha kuliko yote. Ngazi ya chini hupokea udongo mzuri unaoteremka, ya juu inabaki na njaa. Ukipanda mbegu moja juu na nyingine chini, utasifu mbegu kumbe ni udongo. Wao wanalikwepa kwa marudio: mbegu zote tano zinapandwa ngazi ya juu, zote tano tena ngazi ya kati, zote tano tena ya chini, na mpangilio unachanganywa kwa kura kila ngazi. Mbegu itakayoshinda kote huko imeshinda kweli. Kwa maharage wanatumia ploti ya mistari minne, mstari hadi mstari sentimita 50, urefu mita 3. Ploti tano na vijia vya nusu mita katikati zinakula ngazi yenye urefu wa mita 12. Pima kwa kamba ya katani kabla hawajaja, ukiona ngazi haifiki waambie mapema.

Dai kitu kimoja: mojawapo ya hizo tano iwe mbegu yako ya nyumbani. Bila hiyo watakuambia namba 3 imeizidi namba 4, na wewe hujui kama zote mbili zimeshindwa na ya kwako iliyo kwenye dumu.

Kulea bila upendeleo

Huruma ndiyo adui. Msimu wangu wa kwanza kulikuwa na ploti moja ya manjano, imenyong'onyea, kila nikipita inanitazama. Jioni moja nikaitilia samadi ya mbuzi, kidogo tu, kiganja kwa kiganja. Baada ya wiki tatu ikawa ya kijani kuliko jirani zake. Yule binti wa chuo alikuja, akasimama, akaandika, akasimama tena. Aliniuliza polepole, "Mama, hii umeipa nini?" Sikuweza kumdanganya. Ngazi nzima ile ikatupwa kwenye hesabu zake, miezi yake mitatu ikapungua theluthi kwa kiganja changu. Hakugomba. Ndiyo maana iliniuma.

Basi unachoipa moja zipe zote. Ukianza kupalilia ngazi, imalize siku hiyo hiyo. Mvua ikikufukuza katikati, waambie. Nzi wa maharage wakiingia wiki za mwanzo, usinyunyize dawa kwa akili yako, piga simu. Mbuzi fungeni. Na watoto wakatazwe kuchuma majani ya maharage kwa mboga pale, kwa sababu atakayechuma atachuma ploti yenye majani laini, na hiyo ndiyo kwanza itaonekana dhaifu.

Daftari lako, si lao

Wao wana fomu zao. Wewe nunua daftari la kurasa 40. Andika tarehe ya kupanda, ya kuota, ya ua la kwanza, siku za mvua. Wakikuachia kipima mvua, soma kila siku saa ile ile asubuhi, mwaga, rudisha. Usisome siku mbili kwa pamoja ukagawanya, wanajua.

Halafu andika yasiyo kwenye fomu yao, kwa maana hapo ndipo wewe ndiye dokta. Majani yake yanalika? Mashina yanang'oka kirahisi kwa mkono? Ganda linapasuka lenyewe juani ukapoteza punje? Na zaidi ya yote, kupika. Chukua vikombe viwili vya kila moja, loweka usiku mmoja, pika sufuria zinazofanana kwa kuni za mti mmoja, tazama saa. Kuni za kupandisha mlima mgongoni ni gharama ya mbegu pia. Mwaka mmoja mbegu iliyoongoza kwa uzito ilichelewa kuiva karibu saa nzima nyuma ya yetu, na mchuzi wake ulikuwa maji. Niliwaonyesha daftari. Msimu uliofuata walirudi na kipengele cha kupika kwenye fomu, na wakaomba wanawake sita waonje bila kujua ipi ni ipi. Chai ya siku ile walilipa wao.

Siku ya mizani

Hawatavuna mistari yote minne pamoja. Ile ya pembeni inapata jua na nafasi zaidi, inadanganya, hivyo wanapima miwili ya katikati. Kaa karibu na mizani ujifunze kuhesabu. Mistari miwili ya mita 3 kwa nafasi ya nusu mita ni mita za mraba 3. Ikitoa gramu 600 za punje kavu, ni gramu 200 kwa mita moja. Eka ina mita za mraba elfu nne na kidogo, kwa hiyo kilo 800, gunia nane. Usikimbilie sokoni kutangaza gunia nane. Ploti ndogo inalelewa kama mtoto wa kwanza. Mimi hukata theluthi ndipo ninaamini. Na wapime punje zikikauka, maana mbichi zina maji na mizani haijui.

Baada ya gari kushuka

Hapa ndipo nilipobaki na vibao. Kijana mmoja, wa chuo ambacho sikitaji, alibeba sampuli, akanishukuru kwa mikono miwili, akapotea. Simu iliita, baadaye haikuita. Nilisikia alishavaa joho. Tangu hapo ninataka namba mbili, ya mwanafunzi na ya msimamizi wake, kwa sababu mwanafunzi huhitimu lakini msimamizi yupo. Ninataka pia ahadi ya ukurasa mmoja wa Kiswahili: mbegu gani, ilitoa kiasi gani, ina ubaya gani. Tasnifu yenyewe inakaa maktaba kuu ya kilimo pale chuoni; mwanao akipelekwa Morogoro kusoma mwambie aitafute aone shamba la mama yake limeandikwaje.

Ukipenda mbegu, omba kilo moja au mbili, na uulize kama imeshapitishwa. Iliyo bado kwenye majaribio haina ruhusa kuuzwa kama mbegu, hata jirani akikubembeleza. Iliyopitishwa unaweza kuizalisha kama mbegu ya kuazimiwa ubora, yaani mbegu ambayo mkulima mwenyewe anaizalisha akitangaza ubora wake na kukaguliwa. Nendeni kikundi, mjiandikishe TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, makao yao yako Morogoro, watakuja kukagua shamba. Bei ya mbegu si bei ya maharage ya kula.

Vibao vyao wakivisahau usivichome. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata atauliza ploti ya mwenzake ilianzia wapi, na wewe utampeleka mpaka kwenye kigingi.