Namna ya kusoma "hasara" ya Paulo

Nauza viazi hapa Mwanjelwa, na jioni naongoza somo la Biblia mtaani. Ndugu zangu, kabla ya Wafilipi 3:7, Paulo anaposema yaliyokuwa faida kwake ameyahesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo, fungueni Matendo 27:10. Paulo anaonya juu ya hasara ya shehena, meli na roho za watu. Neno la Kigiriki ni zemia, lile lile la Wafilipi. Ni hasara ya mzigo kuzama, msiilainishe! Sasa rudini Wafilipi: faida, kerdos, imesimama upande wa pili, kama kwenye daftari la duka. Someni kwa sauti, polepole, vitu alivyovihesabu kuwa faida: tohara, kabila la Benyamini, Ufarisayo. Vilikuwa vitu vya heshima kweli. Kisha Mathayo 16:26, kitenzi chake cha kupata hasara, cha shina lile lile la zemia, kinaigusa nafsi. Muda ukibaki, 1 Wakorintho 3:15, kitenzi hicho kinarudi.